Somo la Karakana: Kutenga Injini na Giaboksi bila Kuumiza Mtu



Somo la leo tumeliandika kwa ajili ya ndugu zetu wa karakana za mashamba ya chai na miwa, na wale wa viwandani wanaotunza magari ya kampuni. Lakini hata wewe mchuma chai, mkata miwa au mwangalizi wa mashine, usiruke ukurasa huu. Gari linalokuchukua asubuhi na kubeba majani yako jioni limepita mikononi mwa mtu aliyelala chini yake. Tena mambo ya haki yaliyo mwishoni mwa somo hili yanamhusu kila mtu anayeinua kitu kizito kwa ajili ya mshahara.

Sisi tunaoandika hatukusoma zaidi ya shule ya msingi. Ufundi tuliupata chini ya magari, kwa kumshikia taa fundi mzee na kumpa spana aliyoitaja. Kwa hiyo hatutatumia maneno makubwa. Tutaeleza kazi moja tu: namna ya kutenga injini na giaboksi katika gari lenye klachi ya mguu. Mfano wetu ni pikapu ya kawaida ambayo injini yake iko mbele na huendesha magurudumu ya nyuma, maana magari ya namna hiyo ni mengi katika mashamba yetu hapa Uganda na kwa jirani zetu.

1. YALIYOTUPATA

Tulipokuwa vijana wa karakana katika shamba moja la chai magharibi mwa Uganda, pikapu iliharibika klachi mchana, wakati wa msimu wa majani mengi. Ndugu wa chai wanajua kwamba jani likishachumwa halingoji. Likishindiliwa katika magunia kwa saa nyingi hupata joto, hugeuka jekundu, na kiwanda hulikataa. Mnyapara akaja mbio akisema, "Vijana, toeni hiyo giaboksi upesi! Majani yanaungua huko juu."

Karakana ilikuwa na jeki moja tu, nayo ilikuwa imebeba gari lenyewe. Mwenzetu mmoja akalala chali, akaipokea giaboksi kifuani, nasi wawili tukafungua bolti. Hiyo ndiyo iliyokuwa desturi, na sisi tuliiona kuwa ni ushujaa. Bolti ya mwisho ilipotoka, giaboksi ilikuwa bado imening'inia juu ya shafti yake. Ikaegemea upande mmoja, kisha ikachomoka ghafla. Kifua kilipona kwa sababu mwenzetu aliwahi kujigeuza. Mkono haukupona. Vidole viwili vilibanwa kati ya giaboksi na chuma cha chesisi. Kimoja kilikatwa hospitali, na cha pili hakikunji hadi leo.

Ripoti ya ofisi ilikuwa na sentensi moja: ajali ilitokana na uzembe wa mfanyakazi. Hakuna aliyeuliza jeki ya pili ilikuwa wapi. Na sisi tuliokuwapo tulitia sahihi kama mashahidi, kwa kuwa hatukujua la kuandika badala yake. Somo hili ni njia yetu ya kulipa deni hilo. Atakayelisoma ajue kazi inavyopaswa kufanywa, ili siku akiambiwa ni mzembe aweze kujibu.

2. VINAVYOSHIKANA NI VITU GANI?

Anayejua vitu vilivyoshikana hatavuta kwa nguvu. Nyuma ya injini liko gurudumu zito la chuma, nalo ni flaiwili. Limefungwa kwa bolti kwenye kranki. Juu ya flaiwili imefungwa presha pleti, yenye springi kali. Kati ya flaiwili na presha pleti imebanwa klachi pleti, ile sahani yenye bitana pande zote mbili. Klachi pleti haikufungwa kwa bolti yoyote. Inashikwa na ule mbano tu, na katikati yake ina tundu lenye meno.

Upande wa giaboksi iko shafti ndefu inayochungulia mbele. Shafti hiyo hupita katika beringi ya klachi, huingia katika meno ya klachi pleti, na ncha yake huishia ndani ya beringi ndogo iliyo katikati ya flaiwili au mwisho wa kranki. Mbele ya giaboksi kuna nyumba pana iliyofunika klachi yote, yenye umbo la kengele. Tutaiita kengele. Bolti zilizoizunguka ndizo zinazoishikiza kwa injini, na pini fupi mbili za kulenga huiweka sawasawa mahali pake.

Kwa hiyo fikirini panga ndani ya ala. Panga hutoka likivutwa moja kwa moja. Ukilipinda, litakwama au litapasua ala. Giaboksi nayo lazima irudi nyuma ikiwa sawa na injini mpaka shafti yote itoke, ndipo ishushwe. Ikiachwa ining'inie kabla shafti haijatoka, uzito wake wote hulala juu ya klachi pleti na ile beringi ndogo. Klachi pleti hupinda, na gari likirudi barabarani gia zitalia kila zikiingizwa. Fundi atalaumiwa kwa kosa ambalo hakuliona alipolifanya.

Na uzito wenyewe si mdogo. Giaboksi ya pikapu ndogo huwa na kilo 35 hadi 50. Ni kama mfuko wa saruji, ila mfuko hauna mafuta ya kuteleza wala kona za chuma. Gari la kuendesha magurudumu yote manne lina na boksi la pili nyuma yake, hivyo uzito huongezeka sana.

3. JE, NI LAZIMA KUITOA?

Fundi mzuri hafungui kisichohitaji kufunguliwa. Kabla ya kutenga injini na giaboksi, jaribuni haya.

Ikiwa gari linapanda mlima, injini inalia kwa nguvu lakini mwendo hauongezeki, klachi inateleza. Tazameni kwanza kama pedali ina nafasi ya kucheza kidogo kabla ya kuanza kukaza. Kama haina, huenda klachi haijirudishi yote, na kurekebisha tu kunatosha.

Ikiwa gia zinakwaruza kuingia ingawa mguu umekanyaga mpaka chini, klachi haiachii. Tazameni mafuta ya klachi na silinda zake mbili, ya juu na ya chini. Mara nyingi ni uvujaji au hewa imeingia, na kazi hiyo haimtoi mtu jasho.

Ikiwa kelele inaanza mnapokanyaga pedali, shukuni beringi ya klachi. Ikiwa kelele ipo wakati gia iko huru na mguu uko juu, kisha inanyamaza mnapokanyaga, shukuni beringi iliyo ndani ya giaboksi. Hapo hakuna njia ila kuitoa. Kadhalika ikiwa mafuta ya injini yanadondoka chini ya kengele, sili ya nyuma ya injini imekwisha, na haifikiwi bila kuitoa giaboksi.

4. KABLA YA KUINGIA CHINI YA GARI

Chagueni mahali pagumu na pa usawa. Udongo wa shamba baada ya mvua haufai, maana stendi huzama upande mmoja. Wekeni kabari mbele na nyuma ya magurudumu yanayobaki chini. Inueni gari kwa jeki, lakini likalieni stendi za chuma zilizowekwa chini ya chesisi. Jeki ni ya kuinulia, si ya kulalia chini yake. Sili yake ikikatika, gari hushuka bila kumpigia mtu hodi. Matofali na vipande vya saruji pia msivitumie, kwa sababu hupasuka ghafla. Gari likishakaa, lisukumeni kwa mkono kutoka upande. Likitikisika juu ya stendi, anzeni upya.

Pimeni pia urefu. Giaboksi ikiwa juu ya jeki yake inahitaji nafasi ya kupita chini ya mlango. Wengi huikumbuka nafasi hiyo wakati giaboksi imekwisha shuka, kisha wanalazimika kuliinua gari tena huku mzigo uko chini yake.

Ondoeni waya wa hasi kwenye betri. Waya mnene wa stata una moto wakati wote, hata ufunguo ukiwa mfukoni mwa dereva. Spana ikigusa waya huo na chesisi kwa pamoja, hutoa cheche na kuunguza mkono. Vaeni miwani ya kukinga macho, kwa maana matope makavu na kutu huanguka moja kwa moja usoni mwa aliyelala chali.

5. HATUA ZA KAZI

Hatua ya kwanza. Mwageni mafuta ya giaboksi. Msipoyamwaga, mara mtakapochomoa propela shafti yatatoka kwa nyuma na kuwamwagikia.

Hatua ya pili. Pigeni alama kwa tindo au rangi pale propela inapokutana na difu, kisha fungueni bolti na kuichomoa. Alama hiyo ni ya kuirudisha kama ilivyokuwa. Propela iliyogeuzwa huweza kutikisa gari zima likishika mwendo.

Hatua ya tatu. Ingieni ndani ya gari, ng'oeni mti wa gia, na mzibe tundu kwa kitambaa safi. Nati moja ikidondokea humo, kazi ya siku moja itakuwa ya siku tatu.

Hatua ya nne. Fungueni ile silinda ndogo ya klachi iliyo kando ya kengele bila kufungua mpira wake wa mafuta. Ifungeni kwa waya kando ya chesisi. Mwambieni kila mtu asikanyage pedali ya klachi, maana pistoni itaruka nje. Sisi hufunga kitambaa chekundu kwenye pedali. Kama gari ni la klachi ya kebo, legezeni kebo na kuiondoa.

Hatua ya tano. Toeni kebo ya spidi, nyaya za taa ya kurudi nyuma, na waya wa arthi kama umefungwa kwenye giaboksi. Toeni stata. Stata ni nzito kuliko inavyoonekana, basi msiiache ining'inie kwa waya wake. Bomba la ekzosi likizuia njia, lifungueni mbele na kulifunga pembeni. Ngojeni lipoe kwanza.

Hatua ya sita. Tegemezeni injini. Hapa ndipo wanafunzi wengi wanaposahau. Injini imekaa juu ya maunti mbili za mbele, na nyuma inashikwa na giaboksi. Mkiondoa giaboksi, injini huinama kwa nyuma, na vitu vilivyo mbele na nyuma yake, pamoja na mipira ya maji, huvutika au kugongana. Wekeni jeki chini ya nyuma ya injini, na kati ya jeki na sampu wekeni ubao mpana. Bila ubao, sampu itabonyea.

Hatua ya saba. Wekeni jeki ya giaboksi, au jeki ya magurudumu yenye kitako kipana, chini ya giaboksi. Ifungeni giaboksi kwenye jeki kwa mnyororo au mkanda. Ndipo mfungue maunti ya nyuma na kile chuma cha kukingama kinachoibeba. Sasa injini ina jeki yake, giaboksi ina jeki yake, na gari lina stendi zake. Kila mzigo una mbebaji wake, na hakuna mbebaji ambaye ni mtu. Kama kimoja kati ya hivyo vitatu hakipo, kazi isimame hapo.

Hatua ya nane. Shusheni jeki zote mbili pamoja, kidogo kidogo, ili bolti za juu za kengele zifikiwe kwa soketi yenye mkono mrefu. Bolti hizo hazilingani urefu. Chukueni kipande cha boksi la karatasi, chora mviringo wa kengele, toboeni matundu, na kila bolti mnayotoa ichomekeni mahali pake. Acheni bolti mbili, moja kila upande, zikiwa zimelegea lakini hazijatoka. Hizo ndizo za mwisho.

Hatua ya tisa. Kabla ya kuzitoa, kila mmoja aseme yuko wapi na mikono yake iko wapi. Mtu mmoja tu ndiye mwenye kutoa amri. Mahali pa bolti mbili mlizotoa, chomekeni bolti ndefu zilizokatwa vichwa, ziwe reli za kuiongoza giaboksi. Kisha toeni zile mbili za mwisho, na muivute giaboksi nyuma kwa usawa, huku mkiitikisa polepole. Tazameni mwanya kati ya kengele na injini. Ukiwa sawa pande zote, mnakwenda vizuri. Ukiwa mpana chini na mwembamba juu, au kinyume chake, rekebisheni jeki. Shafti ikishatoka yote, shusheni giaboksi na kuivuta nje.

6. IKIGOMA KUTOKA

Mara nyingi giaboksi hugoma kwa sababu bado kuna bolti iliyosahauliwa. Hujificha juu kabisa, au nyuma ya matope, au kule stata ilikokuwa, au imeingia kutoka upande wa injini. Hesabuni matundu kwenye boksi la karatasi na matundu ya kengele. Safisheni kwa brashi na mpitishe kidole kuzunguka kote.

Kama bolti zote zimetoka, basi pini za kulenga zimeshika kutu. Tieni mafuta mepesi, ngojeni, kisha gongeni kengele polepole kwa nyundo ya mpira au kipande cha mti, mkizunguka pande zote. Msipige tindo wala bisibisi katikati ya nyuso mbili. Kengele nyingi ni za aluminiamu, chuma laini. Zikikwaruzwa hazikai sawa tena, na sikio la bolti likivunjika mtatafuta kengele nyingine. Mtu mwenye haraka hutumia mtaimbo. Fundi hutafuta kwanza kinachoshika.

7. VUMBI LA KLACHI

Giaboksi ikishatoka mtaona vumbi jeusi ndani ya kengele. Desturi ya karakana nyingi ni kulipuliza kwa upepo wa kompresa. Ndugu, desturi hiyo iacheni leo.

Bitana za klachi na breki za miaka mingi zilichanganywa na asbesto. Nyuzi zake ni ndogo kupita jicho. Zikiingia katika mapafu hazitoki. Huleta kovu la mapafu, saratani ya mapafu, na saratani ya utando unaoyafunika. Maradhi hayo hujificha miaka 20, 30 au 40. Kijana anayepuliza vumbi leo atakohoa akiwa mzee, wakati hata jina la karakana limesahauliwa. Nchi za Umoja wa Ulaya zilikamilisha kupiga marufuku asbesto mwaka 2005, lakini si kila nchi imefanya hivyo, na vipuri vya zamani na vya bandia bado vimo katika maduka na magari. Hakuna awezaye kuitambua asbesto kwa kuangalia. Kwa hiyo kila vumbi la klachi lihesabiwe kuwa nayo.

Lowesheni vumbi kwa maji yenye sabuni, futeni kwa kitambaa, na kitambaa kitiwe katika mfuko na kufungwa. Msifagie pakavu. Msile wala kuvuta sigara hapo. Ovaroli isipelekwe nyumbani kwa mama watoto kufuliwa pamoja na nguo za watoto.

8. KUKAGUA NA KURUDISHA

Legezeni bolti za presha pleti zamu kwa zamu, kwa kukabiliana, kila moja nusu mzunguko. Mkiitoa moja yote kwanza, springi itaipinda. Tazameni bitana: kama vichwa vya ripiti viko karibu kugusa, au bitana imelowa mafuta, haifai. Mafuta yametoka mahali, basi ondoeni chanzo chake kwanza. Flaiwili yenye nyufa au madoa ya buluu imeungua, na yafaa ipelekwe kwenye mashine. Kwa kuwa kazi ya kufika hapo ni kubwa, ni busara kubadilisha klachi pleti, presha pleti na beringi kwa pamoja, na kuitazama ile beringi ndogo ya katikati.

Wakati wa kurudisha, hakikisheni upande wa klachi pleti, kisha ipangeni katikati kwa shafti ya zamani au mti uliochongwa sawasawa, kabla ya kukaza presha pleti. Inueni giaboksi kwa jeki na kuisogeza mbele kwa usawa. Meno yakikataa kuingiana, tieni gia moja na mzungushe shafti ya nyuma ya giaboksi kidogo kidogo kwa mkono.

Sasa sikilizeni onyo kubwa: msiivute giaboksi kwa kukaza bolti. Kengele ifike kwenye injini kwa mkono, mwanya ukiisha, ndipo bolti zikazwe. Ikibaki nafasi ya unene wa kidole, shafti haijaingia mahali pake. Mkikaza, mtavunja kengele au kupinda klachi pleti. Mwisho, jazeni mafuta ya giaboksi. Mmoja ajaze na mwingine athibitishe. Giaboksi kavu huharibika kabla gari halijafika mbali.

9. NENO KWA NDUGU WA TREKTA

Trekta nyingi za mashamba, kama zile za Massey Ferguson, hazina chesisi. Injini na giaboksi zenyewe ndizo mwili wa trekta. Kuzitenga ni kuikata trekta vipande viwili. Kipande cha mbele kinasimama juu ya ekseli inayocheza kwenye pini ya katikati, na bolti zikitoka huweza kupinduka upande. Kwa hiyo pigeni kabari za mbao pande zote mbili kati ya ekseli na kibebeo chake kabla ya kulegeza bolti hata moja. Kila nusu iwe na tegemeo lake imara. Hapa uzito si wa kilo bali ni wa tani, na hakuna kifua cha kuujaribu.

10. JEKI NI DENI LA NANI?

Ndugu, mmeona kwamba kazi hii haihitaji ushujaa. Inahitaji stendi nne, jeki mbili zaidi ya ile ya kuinulia gari, mnyororo, miwani na muda. Basi tuulize ni nani mwenye kuvileta.

Mkataba nambari 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, unajibu. Kifungu cha 16 kinamtaka mwajiri ahakikishe, kadiri inavyowezekana, kwamba mahali pa kazi, mashine na vifaa anavyovisimamia ni salama. Kifungu cha 21 kinasema hatua za usalama na afya zisimgharimu mfanyakazi. Kwa hiyo mwajiri anayekuambia ununue glovu zako mwenyewe anakwenda kinyume. Kifungu cha 19 kinasema mfanyakazi akitoa habari mara moja kwa mkubwa wake juu ya hatari ya karibu na kubwa kwa maisha au afya yake, akiwa na sababu ya haki, mwajiri hawezi kumtaka arudi kwenye hatari hiyo mpaka airekebishe. Na kifungu cha 13 kinamlinda aliyejiondoa kwenye hatari kama hiyo asipate madhara yasiyo ya haki.

Mnamo Juni 2022 mkutano wa Shirika hilo uliongeza usalama na afya kazini katika kanuni za msingi za kazi. Kanuni hizo kila nchi mwanachama inawajibika kuziheshimu, hata kama haijaridhia mkataba wenyewe. Hapa Uganda tunayo pia Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2006, na sheria ya fidia kwa wafanyakazi wanaoumia kazini.

Lakini sheria iliyo kabatini haiinui giaboksi. Baada ya ajali ya mwenzetu tulichelewa, lakini tulijifunza. Kamati ya wafanyakazi iliandika orodha ya vifaa vinavyopungua, ikataja kazi ambazo hazitafanywa bila vifaa hivyo, na ikapeleka nakala kwa chama. Barua ya kwanza haikujibiwa. Ya pili ilijibiwa kwamba hakuna fungu. Pamoja na ya tatu tulipeleka hesabu ya siku ambazo magari yalilala kwa kungoja jeki moja. Jeki ya giaboksi ililetwa. Haikuwa mpya, wala haikuletwa kwa huruma. Mwenzetu siku hizi ndiye mtunza stoo, na hamtolei mtu yeyote spana za kengele mpaka kwanza aende akalitikise gari juu ya stendi kwa mkono wake uliobaki mzima.

Mkiandika ripoti ya ajali, andikeni vitu kabla ya kuandika watu: jeki zilikuwa ngapi, stendi zilikuwa ngapi, nani alitoa amri, na alisema nini. Msitie sahihi karatasi inayosema "uzembe" kabla ya mambo hayo kuandikwa.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA VIKUNDI

1. Kwa nini giaboksi lazima itoke sawa na injini, na ni kitu gani kinachoharibika ikining'inia?
2. Katika karakana yenu kuna stendi ngapi na jeki ngapi zinazofanya kazi? Nendeni mkahesabu kabla ya mkutano ujao.
3. Vumbi la klachi na breki huondolewaje kwenu? Nani hufua ovaroli?
4. Mnyapara akisema "upesi, majani yanaungua," na jeki ni moja, mtamjibu nini, na ni nani atakayesema kwa niaba ya wote?
5. Ajali ya mwisho mahali penu iliandikwaje? Ni swali gani ambalo halikuulizwa?

Majibu ya swali la pili yaletwe kwa maandishi kwa katibu wa tawi. Orodha ya kweli ndiyo mwanzo wa madai.

Umoja ni nguvu.